Jaji Clarence Thomas na babu yake mkali: ni ukali ndo ulimtoa au kuna kitu hatuambiwi?

mama_watatu

Habari za usiku wakuu. Naombeni uvumilivu, uzi ni mrefu na naandika kwa simu huku nimeinjika maharage.

Juzi nimesoma habari za yule jaji mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, Clarence Thomas, nilikuwa nasikia jina tu kwenye taarifa ya habari sikuwahi kumfuatilia. Kumbe kazaliwa 1948 kijiji kinaitwa Pin Point, jimbo la Georgia, maskini wa kutupwa, baba kaondoka yeye akiwa na miaka miwili hivi, mama anahangaika na kazi za ndani za watu na kuchambua kaa kiwandani, halafu kibanda chenyewe kikaungua moto, mama akahamia na wavulana wake mjini Savannah, chumba kimoja, choo cha nje. Mwaka 1955 mama kaona haiwezekani tena, akawafungashia nguo yeye na mdogo wake kwenye mifuko ya karatasi ya dukani, akawapeleka kwa babu mzaa mama.

Sasa huyo babu ndo kanifanya nikose usingizi. Anaitwa Myers Anderson, alikuwa anauza kuni na makaa ya mawe, baadae barafu na mafuta ya kupashia nyumba joto, anasambaza na lori lake mwenyewe. Shule alikuwa hana, kama darasa la tatu hivi. Siku watoto wamefika tu kawaambia starehe zimeisha. Kuamka ni kabla ya jua, shule hakuna kukosa hata ukiumwa, wakitoka shule wanapanda lori wanaenda kusambaza mafuta hadi giza, likizo ndefu wanaenda shamba kulima na kujenga uzio, glavu za kazi marufuku, na lile lori halina hita sababu mzee aliona joto litawafanya wavivu. Ukisema siwezi anakujibu Mzee Siwezi alishakufa, mimi mwenyewe nilisaidia kumzika.

Na mjukuu akaja kuwa jaji wa mahakama kubwa kuliko zote kule, tangu 1991 mpaka leo yupo, na ofisini kwake kaweka sanamu ya kichwa cha huyo babu.

Kwanini nauliza. Mimi niko Mbagala, nina watatu, binti wa miaka 11 na wavulana wa 8 na 6. Habari ya baba yao tuiache. Baba yangu mzazi yuko Njombe, ana miti na parachichi na ng'ombe kadhaa, mstaafu, na ni mtu wa aina hiyo hiyo ya Myers, sisi alitulea kwa filimbi, sio utani, alikuwa na filimbi. Wiki iliyopita kapiga simu anasema niletee hao vijana kabla Dar haijawaharibu. Kodi inanishinda, ukweli ndo huo. Ila yule mdogo ana kifua, na Njombe mnaijua mwezi wa sita na wa saba, na mzee hajaacha fimbo.

Kwahiyo swali langu, mnaomjua huyu jaji, ni ule ukali ndo ulimtoa? Au mtu wa kufika angefika tu?

---

Mzee wa Kiberege

Peleka. Umemaliza kusoma halafu unauliza nini sasa. Sisi wote humu tumekula fimbo na tuko hai.

---

kaka_wa_ubungo

@Mzee wa Kiberege tuko hai ndio ila jaji yuko wapi kati yetu 😂

---

lori_la_georgia

Dada mama_watatu pole na majukumu. Mimi naendesha malori huku Georgia mwaka wa tisa sasa na bandari ya Savannah naingia kila wiki, kwahiyo hii nitaichangia kwa macho yangu.

Pin Point nimefika. Siku moja nilipewa muda wa kupakia saa kumi jioni nikawa na masaa ya kuua, nikaazima gari ya jamaa nikaenda. Usitegemee kuona kijiji, ni barabara moja na nyumba zimetawanyika chini ya miti mikubwa yenye ndevu za kijivu, na nyuma yake bwawa la maji ya chumvi, majani marefu mpaka macho yanachoka. Maji yalikuwa yamekupwa. Nakwambia ile harufu ya tope nilifunga macho nikajiona niko Bagamoyo, kweli kabisa. Kile kiwanda cha kaa na chaza kilifungwa 1985, sasaivi ni makumbusho, unaonyeshwa mahali akina mama walipokuwa wanasimama kuchambua nyama ya kaa na wanalipwa kwa ratili. Umechambua kidogo umekula kidogo.

Watu wa pale ni wale wanaitwa Gullah au Geechee, wajukuu wa watumwa waliobaki kwenye visiwa vya pwani ile, wakahamia Pin Point baada ya utumwa. Wana Kiingereza chao kimechanganyika na lugha za Afrika. Na hapo ndo kuna kitu watu hawakijui kuhusu huyu jaji. Alipoenda mjini watoto weusi wenzake ndo walimcheka, lugha yake na weusi wake, wakampa jina ABC yaani Mtoto Mweusi Kuliko Wote Marekani. Weusi wenzake! Baadae akaenda seminari ndogo ya wazungu, taa zikizimwa usiku bwenini mmoja anamwambia Clarence hebu tabasamu tukuone. Yeye mwenyewe kasema lile jambo la lugha lilimfundisha kukaa kimya na kusikiliza, na kweli alikuja kukaa pale mahakamani miaka kumi nzima, 2006 mpaka 2016, hajauliza wakili swali hata moja.

Kuhusu babu. Usichukulie ukali peke yake ukaukata na mkasi. Ile nyumba ya mzee Savannah ilikuwa na choo cha ndani na friji, chakula kila siku, mtoto ametoka kwenye chumba ambacho choo kinatapika uani. Mimi nikisoma hii stori naona kitu cha kwanza alichopewa yule mtoto ni kushiba. Ukali ulikuja juu ya shibe. Ukimpa mtoto mwenye njaa ukali peke yake unapata kitu kingine kabisa.

---

Mpwani wa Likoni

Lori umesema kweli. Nami niongeze hapo, huyo mzee mwenyewe alizaliwa 1907 bila baba, mama akafariki yeye mdogo, akalelewa na nyanyake ambaye alikuwa amezaliwa mtumwa, nyanya naye akafa, akapelekwa kwa mjomba aliyekuwa na watoto chungu nzima na mkali kama siki. Yaani ule ukali hakuutunga yeye, aliurithi kama vile watu wanarithi shamba.

Na alikuwa na sababu. Hii ni Savannah ya ubaguzi wa sheria, maktaba ya weusi peke yake, shule peke yake, polisi akikusimamisha wewe mtu mweusi na lori lako hujui utarudi vipi. Mzee alikuwa ameapa hafanyi kazi kwa mzungu tena. Sasa ukitaka kuishi hivyo, wateja wako wa mafuta ni majirani zako weusi na huwezi kuchelewa hata siku moja, ukilala tu umerudi kuajiriwa. Ule ukali ulikuwa ni bei ya kutomuita mtu bosi, ndivyo naelewa mimi.

Lakini dada usisome mpaka kwenye ushindi ukafunga. Soma 1968. Kijana alikuwa anasomea upadri, babu ndiye alikuwa anataka, na alikuwa amemuambia ukienda usirudi nyuma. Martin Luther King anapigwa risasi, kijana anamsikia mwanafunzi mwenzake wa seminari akifurahia, anasema sasa hapa mimi na nyinyi basi. Akarudi nyumbani. Mzee akamfukuza nyumbani siku hiyo hiyo. Kijana wa miaka kumi na tisa! Hakuuliza kumetokea nini, umevunja ahadi toka nje. Wakaishi miaka na miaka na hicho kitu kati yao, mzee akafa 1983, na jaji hakuwa jaji bado, mzee hakuuona huo ujaji. Sanamu hiyo ya ofisini mimi nikiisoma hivyo naona kuna mtu bado anamuonyesha babu ripoti ya shule.

---

karani_mstaafu

Niwasalimu wote. Nimefanya kazi za mahakama miaka 31, sio hakimu, karani tu, lakini majaji nimewaona wa kila aina na nimewasikia wakisimulia utotoni mwao wakiwa kwenye chai. Kila jaji aliyetoka kwa maskini ana mtu mmoja kwenye simulizi yake. Bibi, babu, mwalimu, padri. Mmoja tu. Na sio uongo, ila ni ufupisho, kama muhtasari wa kesi, mashahidi kumi na wawili wanakuwa mstari mmoja.

Tuhesabu mashahidi wa Thomas. Kwanza masista. Babu aliingia Ukatoliki na akawapeleka wale watoto shule ya Mtakatifu Benedikto, shule ya watoto weusi iliyofundishwa na masista, wengi wao kutoka Ireland, ambao wazungu wa mji waliwatukana mitaani kwa kufundisha weusi. Na shule ile ililipiwa ada, yaani mauzo ya mafuta na barafu yaligeuka kuwa hisabati na sarufi. Pili ile maktaba ya weusi pale Savannah iliyojengwa kwa pesa za tajiri Carnegie, kijana alikuwa anajifungia humo. Tatu seminari, ambako Kiingereza chake kilinyooshwa kwa nguvu. Nne, alipofukuzwa na babu, sista mmoja aliyekuwa mwalimu wake alishamshauri aombe chuo cha Holy Cross huko Massachusetts, na 1968 hiyo hiyo chuo kilikuwa kinafungua milango kwa vijana weusi baada ya kifo cha King. Kamaliza 1971. Tano, chuo cha Yale kusoma sheria, kamaliza 1974, na Yale wakati ule ilikuwa na mpango maalum wa kuingiza wanafunzi weusi na wa makabila madogo.

Hapo kwenye tano ndo utamu ulipo. Hapa kwetu tuna viti maalum bungeni, mnajua jinsi mbunge wa viti maalum anavyosemwa hata akifanya kazi kuliko wenye majimbo. Thomas yalimkuta hayo. Kamaliza Yale, anaomba kazi kwenye kampuni za mawakili, wanamtazama kwa jicho la huyu kabebwa, hapati. Aliudhika akachukua stika ya bei ya senti 15 kwenye pakiti ya siga (cigar) akaibandika kwenye fremu ya cheti chake cha Yale. Aliyempa kazi ni John Danforth, mwanasheria mkuu wa jimbo la Missouri, Mripablikani, na huko ndiko njia yote ya siasa ikafunguka, Washington, wizara ya elimu, ile tume ya kusimamia haki za ajira kuanzia 1982, mahakama ya rufaa 1990, na 1991 Rais Bush mkubwa akamteua kwenye kiti cha Thurgood Marshall, jaji mweusi wa kwanza wa mahakama ile.

Tangu hapo kila kesi ya mpango kama huo wa kupendelea weusi vyuoni anaupinga. 2003 alipinga, na 2023 mahakama ilipoufuta kwenye kesi ya Harvard yeye alikuwa upande wa waliofuta na akaandika maoni yake marefu. Anasema unamdhalilisha mtu mweusi. Wenzake weusi wengi wanamwambia ndugu yetu umepanda ngazi umeitupa chini. Mimi siingii huko. Nachosema kwa dada, ukimuuliza yeye atakwambia babu, ukikaa na faili lote utaona babu alifungua mlango wa kwanza na akasukuma kwa bega, milango mingine ilikuwa na watu wake. Na jambo dogo la mwisho, huyu jaji kaingia Mahakama ya Juu bado anadaiwa mkopo wa chuo. Mnaolia na bodi ya mikopo mjue mna mwenzenu.

---

kaka_wa_ubungo

Hiyo ya mkopo imenipa nguvu ya kuishi 😂😂

---

Njugu Mawe

Nimesoma uzi wote kimya kimya nasubiri mtu aseme hakuna aliyesema. Nitasema mimi.

Clarence Thomas alikuwa na dada. Watoto walikuwa watatu. Dada mkubwa, yeye, na mdogo wake wa kiume. Nyumba ilipoungua, mama kaondoka na wavulana kwenda mjini, binti kabaki Pin Point kwa shangazi. Mama alipowapeleka watoto kwa babu, aliwapeleka wavulana. Binti kabaki kule kule kwenye kaa. Hakuna choo cha ndani, hakuna masista wa Ireland, hakuna lori, hakuna Mzee Siwezi.

Na bado. Huyo mama yao ni binti wa Myers Anderson aliyemzaa nje ya ndoa, na hakumlea! Mama yake alifariki, akalelewa na ndugu kule kijijini. Mzee aliyelea wajukuu wawili wa kiume kwa mkono wa chuma hakumlea binti yake wa kumzaa. Mnaona sasa? Mara mbili kwenye ukoo mmoja, wanaume wanaingia ndani, wanawake wanabaki uani.

Miaka inaenda, kaka kasoma Yale, dada ana watoto, anamuuguza yule shangazi aliyemlea baada ya kupooza, akaingia kwenye msaada wa serikali kwa muda kwasababu huwezi kumuuguza mgonjwa wa kitandani na ukaenda kazini. Mwaka 1980 kaka yuko kwenye mkutano San Francisco, anamtolea mfano dada yake mbele ya watu na mwandishi wa gazeti, kwamba anakasirika mtu wa posta akichelewesha hundi ya msaada. Dada wa tumbo moja. Ambaye alishapata kazi, na baadae alikuja kuwa anapika hospitali zamu za usiku. Huyo dada ndiye jibu la swali la huu uzi. Damu ile ile, umaskini ule ule, kijiji kile kile. Alichokosa ni anwani ya babu.

Kwahiyo ukali ulifanya kazi? Sijui. Nyumba ilifanya kazi, ada ilifanya kazi. Kama ukali ungetosha, Pin Point nzima wangekuwa majaji maana umaskini ni mkali kuliko babu yeyote.

Sasa mama_watatu. Umeandika una binti wa miaka 11. Umemtaja mara moja. Mzee wako kasema niletee vijana. Binti anaenda wapi?

---

mama_watatu

Njugu Mawe nimekaa na simu mkononi dakika nzima.

Sikuwa nimeona. Yaani nimeandika uzi wote huo mimi mwenyewe mwanamke na sikuona. Binti nilijua tu anabaki na mimi, ananisaidia, ndo anapika mimi nikiwa sokoni. Hata sasa hivi yale maharage kayaepua yeye.

---

Mzee wa Kiberege

Hapa sasa mmeanza mambo ya jinsia. Msichana anakaa na mama yake hiyo ndo kawaida tangu dunia iumbwe.

---

Mpwani wa Likoni

Mzee wa Kiberege, kwa heshima zako, dada wa Thomas naye alikaa kwa shangazi yake ndiyo ilikuwa kawaida. Tunajua iliishaje.

---

mkulima_mufindi

Kamwene wote. Mie sio msomi wa hizi habari za Marekani nimemsoma kidogo tu, lakini mnanionea huyu mzee, kwahiyo acha nimtetee.

Ukali uko wa aina mbili. Kuna mzee anakaa kwenye kiti chini ya mti anatuma watoto na kufoka, huyo hata mimi namjua na jina lake silitaji maana anasoma humu. Na kuna mzee anatangulia. Anderson alikuwa anatangulia. Lile lori lisilo na hita na yeye alikuwa ndani yake, anaganda pamoja nao. Shamba lile la Liberty County alikuwa na jembe mkononi, nyumba ya shambani waliijenga yeye na wale watoto, uzio waliuweka pamoja, nguruwe walichinja pamoja. Kila siku kutoka shule mpaka giza mtoto yuko na mtu mzima mmoja huyo huyo, anaona anavyobishana na mteja, anavyoandika hesabu na ile elimu yake ya darasa la tatu, anavyosoma Biblia neno kwa neno kwa kidole. Leo mtoto wa Dar anamuona mzazi wake saa ngapi? Dada na wewe nisamehe, uko sokoni, sikulaumu.

Na tena huyu mzee hakuwa mjinga wa siasa. Alikuwa mwanachama wa NAACP, kile chama cha kutetea haki za weusi, na vijana wa Savannah walipoanza kukaa kwenye migahawa ya wazungu 1960 wakakamatwa, yeye aliweka mali yake kuwa dhamana watolewe. Mtu mwenye darasa la tatu anaweka nyumba yake rehani kwa watoto wa watu. Watoto wake wa nyumbani hakuwakumbatia, hakuwasifu, sawa, ila waliona hayo. Kinachonichekesha ni kwamba 1991 NAACP hiyo hiyo ilipinga mjukuu wake asiwe jaji. Ningelipa nauli kusikia mzee angesema nini.

Kwahiyo dada usiulize baba yako ni mkali. Uliza bado ana nguvu ya kutangulia? Ana miaka mingapi? Maana Anderson alipowachukua alikuwa hajafika hamsini. Mzee wa miaka sabini na tano mwenye filimbi, hapo watoto watalelewa na filimbi.

---

lori_la_georgia

Mkulima hiyo umeipiga palepale. Filimbi 😂

---

kaka_wa_ubungo

Ila wakuu mbona hamsemi ile ya zawadi. 2023 si waandishi walitoa habari kuwa kuna tajiri wa Texas, Harlan Crow, amekuwa akimsafirisha huyu jaji kwa ndege na boti la kifahari miaka mingi, na 2014 akanunua mpaka nyumba aliyokuwa anaishi mama yake jaji huko Savannah, na hakutangaza. Babu aliyekataa kuwa mtu wa mtu, mjukuu anapanda boti la mtu. Hapo malezi yalikwenda wapi?

---

karani_mstaafu

Kaka, tuwe wa haki. Alijitetea kwamba ni rafiki wa karibu na kwamba alishauriwa zamani kuwa ukarimu wa aina hiyo hautangazwi. Na ile kesi ya 1991 pia msiilete, Anita Hill aliyewahi kufanya kazi chini yake alimtuhumu unyanyasaji wa kingono, yeye akakana, Seneti ikapiga kura 52 kwa 48, watu wanabishana mpaka leo na hatutaimaliza Mbagala. Ila la nyumba, nakubali, nilipolisoma nilimkumbuka babu. Mzee aliyejenga kwa mikono yake asidaiwe na mtu.

---

Njugu Mawe

Tusipotee. Mama_watatu bado hajajibu.

---

mama_watatu

Nipo. Samahanini nimepotea siku tatu, nilikuwa natafuta ujasiri na vocha.

Nimempigia baba jana jioni. Nilimuuliza kwanza lile la mkulima_mufindi, nikamwambia baba wewe siku hizi shambani unaenda mwenyewe au unatuma? Akakasirika. Akasema ana miaka 68 na juzi kapanda miche ya parachichi arobaini yeye na kijana mmoja. Nikasema sawa.

Nikamwambia mdogo ana kifua, asubuhi ya baridi haamki saa kumi na moja, na sweta anavaa na glavu anavaa. Akasema glavu za nini. Nikasema baba, glavu. Akanyamaza. Akasema haya. Mimi sijawahi kumsikia baba yangu anasema haya kwa kitu alichokuwa anakipinga, nikajua amezeeka kidogo, nikataka kulia.

La fimbo nimemwambia sitaki. Hajanijibu. Alianza kuzungumzia mbolea. Kwahiyo hilo liko palepale wakuu sitawadanganya, nitalirudia nikifika kwa mdomo, maana kwa simu ana njia zake.

Halafu nikamwambia kuna Neema pia (sio jina lake). Nikamwambia ukichukua wachukue wote watatu, shule iliyo jirani na wewe ni moja, binti anashika nafasi ya nne kati ya watoto 90 huku, na mimi nitakuwa natuma hela kila mwezi nitakayopunguza kwenye kodi. Kimyaa. Nikasikia ng'ombe kabisa kwa nyuma. Akaniuliza, na wewe nani atakupikia? Nikamwambia baba, mimi ni mtu mzima nitajipikia.

Akasema yeye alisema vijana kwasababu vitanda ni viwili.

Sijui kama ni kweli au kajitungia palepale. Mama alipokuwepo vitanda vilikuwa vinne. Lakini nimeamua kumshika hapohapo kwenye neno lake, tunasafiri shule zikifungwa. Sasa naulizia walio Njombe mjini au Makambako, kitanda cha mbao futi tatu na nusu na godoro lake ni kama shilingi ngapi siku hizi? Na gari za kwenda huko zinapakia kitanda juu au nikanunue hukohuko?

---

mkulima_mufindi

Nunua hukohuko, mbao ziko huku dada, usihangaike na Dar. Nicheki inboksi kuna fundi namjua, hachelewi sana.